NAS ya Nyumbani Imegoma Kuwaka: Mwongozo Kamili wa Kuitengeneza Bila Kupoteza Data

NAS ni kifaa cha kuhifadhia faili ambacho kompyuta na simu za nyumbani hukifikia kupitia mtandao. Kabla hujashika bisibisi, tenganisha vitu viwili kichwani mwako: sanduku na diski. Sanduku ni lile boksi lenye madabodi (bodi kuu ya saketi), feni na matundu ya waya. Likifa, linatafutwa jingine. Diski ndizo zilizobeba picha za harusi, hesabu za miaka na video za watoto wakijifunza kutembea, na hizo hazina duka.

NAS ikigoma kuwaka, mara nyingi kilichokufa ni sanduku, na katika sanduku mshukiwa wa kwanza ni umeme. Data iko pale pale, imelala. Wengi wanaoipoteza huipoteza baadaye, kwa mikono yao wenyewe: wamekandamiza kitufe cha kuriseti mpaka kifaa kikajisafisha, au kompyuta imewauliza kama ifomati diski wakakubali, au wamewasha na kuzima mara ishirini diski iliyokuwa inakata roho. Nimeyaona yote matatu. La tatu ndilo linaloniuma zaidi, maana mwenye mali alikuwa anahangaika kuiokoa.

Ndiyo maana mpangilio wa hapa chini unaanza na kuzitoa diski hatarini, ndipo tuhangaike na sanduku.

Tazama na usikilize kwanza

“Haiwaki” ni neno moja lenye magonjwa mengi. Washa mara moja tu, ukiwa umetulia, uandike unachoona.

Hakuna taa hata moja na feni haijatikisika: umeme haufiki. Anza na soketi ya ukutani na waya, kisha adapta.

Taa inawaka, feni inashtuka, kila kitu kinazima baada ya sekunde moja au mbili, kisha kinarudia: adapta imechoka, au kuna shoti mahali, pengine kwenye diski mojawapo.

Feni inazunguka vizuri lakini taa ya pawa inapepesa bila kukoma na kifaa hakifiki kwenye mtandao: hapo tunashuku memori, flashi ya kubutia (chipu yenye programu ya kuwashia mashine), madabodi, au diski mbovu inayouzuia mfumo usiendelee.

Taa zote ziko sawa ila huioni kwenye kompyuta: huenda haiumwi kabisa. Fungua ukurasa wa rauta, tazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Mara nyingi imepewa anwani mpya tu. Badilisha waya wa mtandao na tundu la rauta kabla ya kufungua skrubu yoyote.

Na ukisikia diski inagonga, tak, tak, tak, kwa mapigo yanayolingana, chomoa umeme hapo hapo. Usiiwashe tena hata mara moja “kuhakikisha”. Mlio huo mara nyingi ni wa kichwa cha kusomea kinachotafuta njia yake na kuikosa, na kila mzunguko unaweza kuukwangua uso wa diski.

Toa diski zote, kwa mpangilio

Zima, chomoa waya wa umeme, subiri dakika moja. Bandika karatasi juu ya kila diski, uandike namba ya nafasi yake kuanzia kushoto (au juu) na namba yake ya utambulisho, ile serial iliyochapishwa kwenye lebo. Piga picha. Mfumo wa RAID wa Linux, unaoziunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama kundi moja, na ambao NAS nyingi za nyumbani hutumia, hutambua diski kwa kumbukumbu zilizoandikwa ndani ya diski zenyewe, kwa hiyo kuchanganya nafasi si lazima kuue. Hata hivyo andika. Saa mbili usiku, ukiwa na diski nne zinazofanana mezani, karatasi hizo zitakuokoa.

Zilaze mahali pakavu, mbali na ukingo wa meza. Sasa washa sanduku likiwa tupu.

Likiwaka, likalia mlio wake na kuonekana kwenye mtandao likidai kusakinishwa, umepata jibu kubwa: madabodi inaishi. Usisakinishe chochote bado, na usirudishe diski moja moja za data ukiwasha “kujaribu”. Kundi la RAID likiwashwa nusu nusu, mfumo unaweza kuzihesabu diski zilizokosekana kuwa zimekufa, kisha ukazirudisha na kukuta kumbukumbu hazilingani. Kwa majaribio tumia diski mkweche isiyo na kitu cha maana. Ukiiweka hiyo na sanduku likawaka na kukubali kusakinisha mfumo, basi shida iko kwenye diski zako au kwenye adapta isiyoweza kuzibeba zote kwa pamoja.

Umeme: hapa tumia muda wako

NAS ndogo za diski moja au mbili kwa kawaida hutumia adapta ya nje ya volti 12. Diski ya inchi 3.5 huvuta takriban ampea 2 kwenye laini ya volti 12 wakati wa kuanza kuzunguka, kisha matumizi hushuka sana ikishashika kasi. Diski mbili zikianza pamoja ni ampea 4 kwa sekunde chache, bila kuhesabu madabodi. Adapta iliyozeeka inaweza kulisha sanduku tupu bila shida, lakini diski zikianza kuzunguka inaishiwa pumzi, volti zinaporomoka, na madabodi inajizima. Ndani yake kapasita (vipande vidogo vinavyotunza umeme) zimekauka kwa miaka ya joto, ingawa kwa nje ni nzima kabisa na inang'aa taa yake ya kijani.

Kwa hiyo kupima kwa maltimita (kipima umeme) peke yake hakutoshi. Shemeji yangu aliniletea NAS ya diski mbili iliyokuwa ikiwaka na kuzima. Nilipima adapta ikiwa haijaunganishwa na kitu: volti 12.1, safi. Mtu angeiachia hapo na kuhukumu madabodi. Nikachukua taa ya breki ya gari, ya volti 12 na wati 21, nikaiunganisha kwenye adapta kwa waya mbili huku ncha za maltimita zikiwa pale pale. Taa iliwaka ya manjano, ikafifia, na kipimo kikashuka mpaka 9 na kitu. Taa ile huvuta ampea 1.75 tu, na adapta ilikuwa imeandikwa ampea 5. Adapta mpya, na mashine ikawaka na diski zake zote mbili.

Fanya hivyo hivyo. Ukiwa na mzigo, volti zinapaswa kubaki kati ya 11.4 na 12.6. Zikishuka chini ya hapo, umempata mwizi. Angalia balbu, inapata moto haraka. Iweke juu ya kigae au bati, si juu ya karatasi.

Unaponunua adapta nyingine linganisha mambo manne: volti ziwe zile zile, ampea zilingane au zizidi, mchoro wa chanya na hasi ufanane na ulioko kwenye kifaa, na ncha iingie bila kulegea. Ncha za duara zenye kipenyo cha milimita 5.5 huja na tundu la ndani la 2.1 au 2.5, na ukikosea hapo haiingii, au inaingia lakini inacheza. Ncha zenye pini nne zinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu mbili zinaweza kufanana kwa umbo huku chanya na hasi zimekaa tofauti. Pima kila pini kabla ya kuchomeka. Ukizigeuza, unaweza kuiua madabodi iliyokuwa nzima.

Sanduku kubwa za diski nne na kuendelea mara nyingi zina pawasaplai ya ndani. Ikiwa ina kiunganishi cha kawaida cha pini 24, ichomoe kutoka kwenye madabodi na uunganishe waya wa kijani na mweusi wowote kwa kipande cha waya, feni ya pawasaplai ikizunguka, pima njano (volti 12), nyekundu (volti 5) na chungwa (volti 3.3). Baadhi ya watengenezaji hubadilisha mpangilio wa nyaya, kwa hiyo fuata vipimo vya ile ya zamani, usiamini rangi tu. Lakini kifuniko cha pawasaplai yenyewe usikifungue. Kapasita kubwa iliyomo inaweza kushika zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya, na hiyo inaua mtu.

Ndani ya sanduku

Umeme ukiwa mzuri na bado kimya, fungua sanduku. Gusa chuma kitupu ili kuondoa umeme tuli mwilini, kisha puliza vumbi huku umeishika feni isizunguke.

Anza na vitu vyepesi. Chomoa memori, futa meno yake ya dhahabu kwa kitambaa laini chenye alkoholi ya isopropili, irudishe mpaka vishikio vilie. Kama ziko mbili, jaribu moja moja, kila moja kwenye nafasi zote mbili. Pima betri ya saa, ile ya mviringo iitwayo CR2032: mpya ni volti 3 au zaidi kidogo, na ikiwa chini ya 2.7 badilisha. Kwenye baadhi ya mashine zenye prosesa za Intel au AMD betri iliyokufa inatosha kuzuia kubuti. Chomoa na urudishe ile kadi inayobeba matundu ya diski, maana meno yake hushika kutu nyembamba usiyoiona. Tazama kapasita kwenye madabodi: zilizovimba kichwa au kuvuja majimaji ya kahawia zinabadilishika ikiwa mkono wako umezoea solda.

Kama madabodi ina tundu la HDMI au VGA, chomeka skrini. Maandishi mawili matatu yatakuambia zaidi ya taa zote. Kama haina, nyingi zina pini za serio ndani, ambazo kupitia kwazo kompyuta husoma maandishi ya mashine inapowaka. Adapta ya USB kwenda serio lazima iwe ya volti 3.3, si 5. Unganisha nyaya tatu tu: ardhi kwa ardhi, TX (kutuma) kwa RX (kupokea), na RX kwa TX, pini ya umeme iache. Kasi ya kawaida ni 115200. Maandishi yakianza kisha yakasimama kwenye memori, au yakilalamika kuwa hayapati kernel (kiini cha mfumo), unajua pa kushika. Flashi ndogo ya kubutia ikiwa imeharibika, watengenezaji wengi wana njia ya kuirudishia programu yake. Tumia faili la modeli yako kamili, hata tofauti ya herufi moja ya mwisho ina maana.

Kuna ugonjwa mmoja unaojulikana kwa jina. Mwaka 2017 ilibainika kwamba prosesa za Intel Atom C2000 za matoleo ya awali zina kasoro: laini ya saa iitwayo LPC (inayobeba mapigo ya kuongoza chipu) hudhoofika kwa miaka mpaka mashine inashindwa kubuti. Synology DS415+, DS1515+ na DS1815+ ni miongoni mwa zilizotumia familia hiyo. Dalili ni mashine iliyofanya kazi miaka bila tatizo, ikazimwa siku moja, na haikurudi tena. Mafundi wameziamsha nyingi kwa kuchomelea rezista ya takriban omu 100 kwenye laini hiyo. Mimi huichukulia kama dawa ya kutuliza: inakupa muda wa kunakili data, basi.

Kusoma diski kwenye kompyuta, bila NAS

Sanduku likikataa kabisa, au ukitaka kunakili data kabla ya kuendelea kulihangaikia, diski nyingi zinasomeka kwenye kompyuta yoyote yenye Linux. Ukizichomeka kwenye Windows inaweza kukuambia hazijaanzishwa au kukuomba uzifomati. Kataa. Windows haielewi tu lugha iliyoandikwa humo.

Andaa flashi ya USB yenye Ubuntu (aina ya Linux) ya kubutia, chomeka diski zote za kundi kwenye matundu ya SATA, yale ya diski ndani ya kompyuta, washa. Ikiwa diski uliyoitoa kwenye hausingi ya USB (kasha la diski ya nje) haizunguki kabisa kwa pawasaplai ya kompyuta, huenda haijafa: baadhi ya diski mpya zina pini ya tatu inayozizima zikipata volti 3.3. Kebo ya kugeuza kutoka Molex (kiunganishi cha umeme cha zamani) kwenda SATA haina volti hizo, na tatizo linaisha.

`sudo apt install mdadm lvm2 smartmontools gddrescue`

`lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE,MODEL,SERIAL`

Linganisha serial na karatasi zako. Kisha pima afya ya kila moja:

`sudo smartctl -a /dev/sdb`

Tazama mistari yenye namba 5, 197 na 198, inayohesabu sehemu mbovu za diski, kwenye safu ya mwisho (RAW_VALUE). Hizo zikiwa sifuri, vizuri. Zikiwa na makumi au mamia, diski hiyo inakufa. Inakiliwe kwanza nzima kwenye diski nyingine yenye ukubwa ule ule au zaidi, kabla ya kitu kingine chochote. Namba 199 ikipanda, laumu kebo au kiunganishi.

`sudo ddrescue -f -d -n /dev/sdb /dev/sde /media/flashi/ramani.log`

`sudo ddrescue -f -d -r3 /dev/sdb /dev/sde /media/flashi/ramani.log`

Ya kwanza inachukua vinavyosomeka kwa urahisi, ya pili inarudi kwenye sehemu ngumu. Chanzo kinatangulia, nakala inafuata. Ukizigeuza umeifuta diski yako. Soma mstari huo mara tatu, kwa sauti, kabla ya kubonyeza Enter. Faili la ramani liwe kwenye flashi nyingine, maana Ubuntu ya kubutia husahau kila kitu ikizimwa, na ramani hiyo ndiyo inayoruhusu kuendelea ulipoishia. Ukimaliza, chomoa diski ya asili na utumie nakala. Zote mbili zikiwa ndani mfumo utazichanganya.

Sasa kundi lenyewe. Kwa Synology sehemu ya data kwa kawaida ni partisheni ya 3 au ya 5; kwingine, ile kubwa kuliko zote.

`cat /proc/mdstat`

`sudo mdadm --examine /dev/sd[b-d]3`

Tafuta mstari wa Events, yaani hesabu ya mabadiliko ya kundi iliyoandikwa kwenye kila diski. Zikilingana au kupishana kidogo, kundi liko pamoja. Ikiwa moja iko nyuma sana, iliachwa njiani siku nyingi, iweke kando. Kisha:

`sudo mdadm --assemble --scan --readonly`

Kundi likikataa kuanza kwa sababu diski moja haipo, RAID 5 inavumilia kukosa moja na RAID 6 mbili; ongeza `--run`. Amri ambayo usiiguse hata ukiiona imependekezwa ni `mdadm --create`. Inaandika vichwa vipya juu ya vya zamani, na ukikosea mpangilio au ukubwa wa vipande unakuwa umejifungia mlango.

`sudo vgchange -ay`

`sudo lvs`

`sudo mount -o ro,noload /dev/vg1/volume_1 /mnt`

Badilisha majina kulingana na ulichoonyeshwa na `lvs`. Kama hakuna LVM (tabaka la Linux linalogawa nafasi juu ya kundi), tumia `/dev/md` yenye namba yako. `noload` ni kwa ext4 (mfumo wa faili wa Linux) iliyozimika ghafla, ili isijaribu kuandika jarida lake. Kwa Btrfs, mfumo mwingine wa faili, weka `ro,rescue=nologreplay`. Folda zikitokea, nakili:

`rsync -a --info=progress2 /mnt/ /media/akiba/`

Vikwazo vitatu hujitokeza. Folda zilizosimbwa zinahitaji ufunguo au nenosiri lako, na bila hilo hakuna fundi atakayekusaidia. Baadhi ya NAS za zamani kama WD My Book Live ziliandika ext4 kwa vipande vya kilobaiti 64, ambavyo kompyuta za kawaida zimekuwa zikikataa kuvifungua. Hapo `fuse-ext2` au `debugfs` husoma. Na QNAP nyingi zina LVM iliyorekebishwa na kampuni, ambayo Linux ya kawaida huikataa. Njia fupi ni kupata sanduku jingine la kampuni ile ile.

Kama diski inagonga, imedondoka, au haionekani hata kwenye BIOS (skrini ya mipangilio kabla mfumo haujawaka), mwongozo huu hauihusu tena. Ipeleke kwa wataalamu wenye chumba kisicho na vumbi. Usiifungue, wala usiiweke kwenye friza. Unyevu unaoganda juu ya sahani za ndani ya diski huongeza jeraha.

Kurudisha diski nyumbani

Sanduku likishapona, lijaribu kwanza na diski mkweche: sakinisha mfumo, sasisha programu, liache usiku kucha. Adapta iwe ya uvuguvugu, si ya kuunguza. Kisha zima, toa mkweche, rudisha diski zote kwa namba zao, zote kwa mara moja, ndipo uwashe.

Ikiwa umehamia sanduku jipya la kampuni ile ile, litakuuliza. Tafuta chaguo la kuhamisha au kurejesha. Ukiona onyo kwamba data zote zitafutwa, simama, zima, na usome mwongozo wa modeli hiyo kuhusu uhamishaji.

Ikishawaka inaweza kuanza kusawazisha diski. Kwa diski za terabaiti kadhaa hilo huchukua saa nyingi, hata zaidi ya siku. Itakuwa nzito, feni zitavuma, usiiwashe upya. Ukitazama `/proc/mdstat` na kuona herufi U kwa kila diski bila kistari katikati, kwa mfano `[UUUU]`, kundi limekamilika. Fungua picha chache za zamani, cheza video ndefu mpaka mwisho, kisha rudisha kifuniko na ufunge skrubu.